Henry Ford: Fundi wa Dearborn na Uzito wa Maneno Yake

Katika jarida hili tumezoea kusoma maisha ya watu wa kalamu: washairi, watunga riwaya, wanaisimu, wamisionari waliotunga kamusi. Mimi nimechagua mtu wa spana. Henry Ford hakuwa msomi. Alisoma vitabu vichache, aliandika kwa shida, na siku moja mahakamani alishindwa kutaja mwaka ambao nchi yake ilianza kupigania uhuru. Hata hivyo jina lake limekuwa neno la kawaida katika vitabu. Wenzetu wa uchumi wanajifunza fordisme, na wale wa sosholojia wanaijadili kazi ya mnyororo. Sisi wa Lugha tuna sababu yetu ya kumchunguza. Mtu huyu alianzisha shule ya lugha kiwandani, akanunua gazeti lililowadhuru watu wengi, na mali aliyoiacha ililipia utafiti mkubwa wa lugha za Afrika Mashariki.

Barabarani kwetu, kati ya Butembo na Beni, gari la Ford si la kuonekana kila siku. Macho yetu yamezoea Toyota, malori ya Fuso na pikipiki za wamotari. Lakini mwaka 1950 Eiji Toyoda, wa ukoo wenye kampuni ya Toyota, alisafiri mpaka kiwanda cha Ford huko Michigan akakaa wiki kadhaa akiangalia namna kazi inavyopangwa, kisha akarudi Japani kutengeneza njia yake. Kwa hiyo hata anayepanda Toyota kwenda Kasindi amebebwa na wazo lililoanza Detroit.

Mtoto wa mkulima

Henry Ford alizaliwa tarehe 30 Julai 1863, karibu na Dearborn, katika jimbo la Michigan, Marekani. Baba yake, William, alikuwa mkulima aliyehama kutoka Ireland. Mama yake, Mary, alifariki mwaka 1876, Henry akiwa na miaka 12. Wanaoyaandika maisha yake wanakubaliana kwamba msiba huo ulimwachia jeraha, na kwamba tangu hapo alizidi kuchukia kazi ya shamba. Alipenda saa. Alizifungua, akazitazama matumbo, akazirudisha zikitembea, mpaka majirani wakawa wanamletea zao zilizokufa.

Mwaka huohuo wa 1876 aliona njiani mashine ya mvuke iliyojiendesha yenyewe bila farasi. Kwa mtoto wa kijijini yalikuwa maajabu, na hakuyasahau. Mwaka 1879 aliondoka nyumbani akaenda Detroit kujifunza ufundi wa vyuma. Miaka mitatu baadaye alirudi shambani, lakini alijishughulisha zaidi na mashine za mvuke kuliko na mahindi. Mwaka 1888 alimwoa Clara Bryant, na mwaka 1891 wakahamia mjini, Ford akiwa ameajiriwa na kampuni ya umeme ya Edison. Mtoto wao wa pekee, Edsel, alizaliwa mwaka 1893.

Usiku, baada ya kazi, Ford alijenga gari lake la kwanza katika kibanda nyuma ya nyumba. Lilikuwa na magurudumu manne kama ya baiskeli na injini ndogo ya petroli. Lilipokamilika, Juni 1896, liligundulika kuwa pana kuliko mlango. Ford alishika shoka akauvunja ukuta wa matofali ili gari litoke. Mtu anayependa mifano atasema maisha yake yote yamo katika tendo hilo: ukuta ukimzuia aliuvunja, bila kuuliza ni wa nani. Kibanda kile kilikuwa cha kupanga.

Kushindwa mara mbili, kufaulu mara ya tatu

Wanafunzi wanaosoma juu ya matajiri mara nyingi wanaambiwa tu juu ya ushindi. Kampuni ya kwanza ya Ford, iliyoanzishwa mwaka 1899, ilivunjwa mwanzoni mwa 1901. Ya pili, iliyobeba jina lake, aliiacha mwaka 1902 baada ya kugombana na wenye hisa. Wao walibaki na mitambo, wakabadilisha jina, ikawa Cadillac. Ya tatu iliandikishwa tarehe 16 Juni 1903 kwa fedha taslimu dola 28,000 hivi. Hiyo ndiyo Ford Motor Company inayoishi hadi leo.

Siku zile gari lilikuwa kitu cha matajiri. Wenye hisa walitaka magari ya bei kubwa na faida ya haraka. Ford alitaka gari moja, rahisi, gumu, la kupita katika tope, ambalo mkulima angeweza kulinunua na kulitengeneza mwenyewe. Oktoba 1908 alitoa gari la Model T. Lilikuwa na injini ya nguvu za farasi 20, lilisimama juu sana kutoka ardhini, na chuma chake kilichanganywa na vanadi ili kiwe chepesi na kigumu. Bei ilianzia dola 825. Sisi tunaojua barabara ya kwetu wakati wa mvua tunaweza kuelewa kwa nini wakulima wa Marekani walilipenda. Barabara zao nyingi hazikuwa na lami, na fundi wa karibu alikuwa mbali.

Wateja walipozidi, tatizo likawa kutengeneza magari ya kutosha. Katika kiwanda cha Highland Park, kilichofunguliwa mwaka 1910, mafundi wa Ford walitafuta njia. Hapa inafaa kusema ukweli: mnyororo wa kazi haukutoka katika kichwa cha mtu mmoja. Mafundi wake waliona machinjio ya Chicago, ambako nyama ilitundikwa kwenye reli ikapita mbele ya wachinjaji, kila mmoja akikata kipande chake. Wao waligeuza mwendo: badala ya kukata vipande, waliviunganisha. Mwaka 1913 gari lilianza kutembea mbele ya wafanyakazi waliosimama. Kabla ya hapo kuunganisha chasisi kulichukua saa 12 na nusu. Mwaka 1914 kulichukua dakika 93. Bei ikashuka mwaka baada ya mwaka, mpaka mwaka 1925 gari la aina ndogo likauzwa chini ya dola 300. Uzalishaji ulipokoma mwaka 1927, Model T zaidi ya milioni 15 zilikuwa zimetengenezwa. Nyingi zilivuka bahari. Makoloni ya Waingereza, pamoja na Kenya na Uganda jirani zetu, yalihudumiwa na tawi la Ford lililokuwa Kanada.

Dola tano na jicho la bwana

Mnyororo uliharakisha kazi lakini uliwachosha watu. Fundi aliyejua kutengeneza kitu kizima sasa alikaza skrubu ileile mara mamia kwa siku. Watu waliacha kazi kwa wingi: mwaka 1913 kampuni ililazimika kuajiri mara kadhaa ya idadi iliyohitaji ili nafasi zisibaki wazi. Januari 1914 Ford alitangaza kwamba mfanyakazi atalipwa dola 5 kwa siku, karibu mara mbili ya mshahara wa zamani, na siku ya kazi itapungua kutoka saa 9 hadi 8. Maelfu ya watu walifika mlangoni katika baridi ya Detroit. Matajiri wenzake walimwona msaliti. Wafanyakazi wengi walimwona mkombozi, na kwa kweli wengi wao hatimaye waliweza kununua gari walilolitengeneza.

Lakini nusu ya dola hizo ilikuwa na masharti. Ford aliunda idara ya wachunguzi waliotembelea nyumba za wafanyakazi. Waliangalia kama nyumba ni safi, kama mtu anakunywa pombe, kama ana akiba, kama anaishi vizuri na mke wake. Asiyepita mtihani alipewa mshahara wa kawaida bila nyongeza. Nani kati yetu angekubali mwajiri wake aje kukagua jiko? Wengine walikubali kwa sababu ya watoto.

Ni katika mpango huo kwamba mwaka 1914 ilizaliwa Ford English School. Wafanyakazi wengi walikuwa wahamiaji kutoka Poland, Italia, Urusi, Syria na kwingineko, na hawakuelewana na wasimamizi. Kiwanda kiliwalazimisha wasiojua Kiingereza kuhudhuria masomo nje ya saa za kazi. Walimu walikuwa wafanyakazi wenzao waliojitolea. Masomo yalifuata maisha ya siku: kuamka, kunawa, kula mezani, kununua vitu, kwenda kazini. Mtaalamu wa didaktiki wa fakulte yetu atakiri kwamba mpango huo haukuwa wa kijinga. Lugha ilifundishwa kutoka katika hali halisi, si kutoka katika orodha ya vitenzi.

Kasoro ilijionyesha siku ya kupewa vyeti. Jukwaani waliweka chungu kikubwa sana cha maigizo. Wanafunzi walitoka katika mfano wa meli, wamevaa mavazi ya nchi zao, wakashuka ndani ya chungu. Walimu walikoroga kwa miko mirefu. Kisha wanafunzi walitoka upande wa pili wamevaa suti za Kimarekani, bendera mkononi. Ujumbe ulikuwa wazi: ili upate lugha mpya, ya zamani iachwe ndani ya chungu. Nadhani msomaji wa Butembo ataelewa bila maelezo marefu. Katika shule nyingi za nchi zinazotumia Kifaransa, mtoto aliyesikika akisema lugha ya mama alivishwa alama ya aibu shingoni. Sisi tunaosema Kinande nyumbani, Kiswahili sokoni na Kifaransa darasani tunajua kwamba kichwa kimoja kinabeba lugha tatu bila kupasuka. Ford hakuamini hivyo. Kwake lugha ilikuwa kama kipuri: cha zamani kinatolewa, kipya kinawekwa.

Jina kubwa kuliko elimu

Umaarufu ulimfanya Ford aamini kwamba aliyejua injini anajua kila kitu. Desemba 1915 alikodi meli akavuka Atlantiki na wapenda amani ili kuikomesha vita ya Ulaya. Hakufaulu, akarudi mapema. Mwaka 1918 aligombea kiti cha seneti akashindwa kwa kura chache. Mwaka 1919 ilisikilizwa kesi yake dhidi ya gazeti la Chicago Tribune, ambalo lilikuwa limemwita mtu asiyetambua serikali. Mawakili wa gazeti walimhoji siku nyingi juu ya historia. Aliulizwa juu ya mapinduzi ya Marekani, akataja 1812. Mahakama ilimpa haki, lakini fidia iliyoamuliwa ilikuwa senti 6. Magazeti ya mijini yalimcheka. Wakulima walimpenda zaidi, kwa sababu wao pia wangeshindwa maswali yale.

Mpaka hapo tungeweza kutabasamu. Yanayofuata hayachekeshi.

Gazeti la Dearborn

Mwishoni mwa 1918 Ford alinunua gazeti dogo la mji wake, Dearborn Independent. Tangu Mei 1920, kwa matoleo 91 mfululizo, lilichapisha makala ya kuwashutumu Wayahudi. Liliwabebesha vita, madeni, muziki mbaya, hata uovu katika michezo. Lilitegemea hati ya uongo juu ya njama ya Wayahudi kuitawala dunia, hati ambayo gazeti la Times la London lilikwisha kuonyesha mwaka 1921 kwamba imenakiliwa kutoka vitabu vingine. Makala zilikusanywa katika vitabu vinne. Wauzaji wa magari ya Ford walishinikizwa kuuza gazeti pamoja na magari, na hivyo nakala zikafikia mamia ya maelfu. Mtu alikwenda kutafuta gari, akarudi nyumbani na chuki.

Mwanasheria mmoja Myahudi, Aaron Sapiro, aliyewasaidia wakulima kuunda vyama vya ushirika, alimshtaki Ford. Mwaka 1927, kabla kesi haijamfikisha kizimbani, Ford alitoa barua ya kuomba radhi na kudai hakujua yaliyoandikwa katika gazeti lake mwenyewe. Barua hiyo iliandikwa na Louis Marshall, kiongozi wa Wayahudi wa Marekani; Ford alikubali itoke kwa jina lake bila mabadiliko. Gazeti likafungwa mwisho wa mwaka huo.

Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Vitabu vile vilikuwa vimekwisha kutafsiriwa kwa Kijerumani na viliendelea kuchapishwa. Hitler alimtaja Ford kwa sifa katika kitabu chake. Mwaka 1938, siku Ford alipotimiza miaka 75, wawakilishi wa Ujerumani walimvisha nishani kubwa, naye akaipokea. Baada ya vita, mkuu wa zamani wa vijana wa Hitler, Baldur von Schirach, alieleza mbele ya mahakama ya Nuremberg kwamba kitabu cha Ford kilikuwa kimojawapo cha vile vilivyomfundisha chuki alipokuwa kijana.

Nimekaa juu ya jambo hili kwa sababu sisi ni watu wa Kivu ya Kaskazini na tunasoma Lugha. Tunajua maneno yanavyotembea. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, uvumi ulipita katika simu na mitaani kwamba ugonjwa ni biashara. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Wala hatuhitaji kukumbushwa namna karatasi au sauti ya simu inavyoweza kulifanya kabila zima, au wageni wote, wabebe kosa la wauaji wa Beni. Kwa Ford tunajifunza kwamba si lazima mwenye kusambaza awe anachukia usiku na mchana. Inatosha awe na jina linaloaminika na njia ya kusambaza. Watu walikuwa wameliamini gari lake, wakadhani gazeti lake nalo ni imara hivyohivyo. Na tafsiri, kazi ambayo wengi wetu tunajiandaa kuifanya, ndiyo iliyoyavusha maneno yale mpaka Ujerumani.

Uzee

Miaka ya mwisho ilikuwa ya ukaidi. General Motors ilianza kuuza magari ya rangi nyingi na kubadilisha umbo kila mwaka, wakati Ford kwa muda mrefu alikuwa akitoa nyeusi tu. Mwaka 1927 alilazimika kuiacha Model T. Mwaka 1928 alianzisha katika msitu wa Brazili mji wa Fordlandia ili kupata mpira wa matairi yake. Miti ilipandwa karibu karibu ikaliwa na magonjwa, wafanyakazi wakaasi kwa kulazimishwa chakula na desturi za Michigan, na mwaka 1945 shamba lilirudishwa kwa serikali ya Brazili kwa hasara kubwa. Mkongomani anaposoma juu ya mpira anakumbuka mengine, ya wakati wa Leopold II, yenye damu nyingi kuliko hayo. Lakini kosa la kufikiri lina undugu: kuuona msitu na watu wake kama mtambo unaongoja kuwashwa.

Kiwandani, yule wa dola 5 sasa alikuwa na walinzi wa Harry Bennett. Machi 1932 watu wasio na kazi waliandamana hadi mlangoni, polisi na walinzi wakapiga risasi, wanne wakafa papo hapo. Mei 1937 viongozi wa chama cha wafanyakazi walipigwa mbele ya wapiga picha. Ford alikuwa wa mwisho kati ya makampuni makubwa matatu ya magari kusaini mkataba na chama, Juni 1941. Wakati huohuo tusisahau kwamba kiwanda chake kiliajiri Wamarekani weusi kwa maelfu, kwa mshahara sawa na wazungu, ingawa wengi waliwekwa kwenye tanuri za kuyeyushia chuma.

Edsel alifariki mwaka 1943 akiwa na miaka 49, baada ya kudharauliwa na baba yake kwa miaka mingi. Mzee alirudi uongozini akiwa hana nguvu, na mwaka 1945 mjukuu wake, Henry Ford II, akachukua kampuni. Henry Ford alifariki tarehe 7 Aprili 1947, akiwa na miaka 83. Usiku huo mto ulikuwa umefurika na umeme umekatika. Mtu aliyewahi kuwa injinia mkuu wa kampuni ya umeme ya Edison alikufa kwa mwanga wa mishumaa na taa ya mafuta.

Tumpime vipi?

Mwaka 1936 familia yake ilikuwa imeanzisha mfuko, Ford Foundation. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 mfuko huo ulilipia uchunguzi wa matumizi na ufundishaji wa lugha katika nchi tano: Ethiopia, Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia. Matunda yake ni vitabu ambavyo wanaisimu wanavitaja hadi leo. Kile cha Tanzania, kilichotoka mwaka 1980, kilihaririwa na Edgar Polomé pamoja na C. P. Hill. Polomé alikuwa amefundisha Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, na ndiye aliyekichunguza Kiswahili cha mji huo wakati wengi walikidharau kama lugha iliyoharibika. Kongo haikuwemo katika zile nchi tano. Kazi ya namna hiyo kwa Kiswahili cha Butembo na Beni inatungoja sisi.

Basi jina moja lilikoroga wahamiaji katika chungu ili wasahau lugha zao, na jina hilohilo likalipia watu wa kuzihesabu na kuzieleza lugha za Afrika. Kuna wanaotaka kufuta moja kwa kutumia la pili. Mimi sikubali hesabu hiyo. Mshahara wa dola 5 haulipi deni la gazeti, wala gazeti haliwezi kuifanya Model T isiwe gari jema. Anayeandika maisha ya mtu hana kazi ya kusawazisha mizani. Kazi yake ni kuweka kila jiwe mahali lilipo, na bei yake, ili msomaji apite akiyaona yote. Kwa Ford, gari lilichakaa likaenda makumbusho. Maneno aliyoyalipia bado yanachapishwa.